Mchana Mmoja Areopago

Meli yetu ilifunga gati Piraeus, bandari ya Athene, asubuhi, mwezi wa tano, 2009, na zamu yetu ikapewa ruhusa ya kushuka mpaka saa kumi na mbili jioni. Wenzangu walikwenda madukani. Mimi nilikuwa na jambo nililolibeba tangu nikiwa kijana wa miaka kumi na tisa kule Lushoto.

Siku hiyo ya ujana nilipewa nafasi ya kuongoza ibada ya vijana. Nikataja sala ya babu yangu, aliyekufa bila ubatizo. Kabla ya kupanda mahindi alikuwa akisimama shambani, kofia mkononi, akimwomba Mulungu mvua. Nikasema naamini alisikiwa. Mzee mmoja wa kanisa akainuka, akanikatisha: mambo ya kipagani hayaletwi madhabahuni. Nikakaa chini. Aibu iliisha baada ya wiki chache, lakini lile neno "kipagani" juu ya babu halikutoka.

Basi nikapanda treni ya umeme, nikashuka Thissio. Reli hiyo inakatiza Agora, soko la kale la Athene, ambako mtume Paulo alihojiana na Waepikureo na Wastoiko, wafuasi wa shule mbili za falsafa. Hawa wa pili walipata jina lao kutokana na ukumbi wa nguzo, Stoa, alikofundishia Zeno wa Kitio karibu mwaka 300 KK. Nikashika njia ya kilimani.

Areopago, ambako Paulo aliwahutubia Waathene, ni jabali tu la mawe ya chokaa chini ya Akropoli, kilima cha mahekalu ya kale. Nyayo za watu zimelisugua mpaka linang'aa na kuteleza. Chini yake, mwambani, kuna bamba la shaba lenye hotuba ya Paulo kwa Kigiriki, herufi kubwa tupu, wala sikuweza kusoma hata neno. Nikafungua Biblia yangu, Matendo 17, nikawa nalinganisha mistari kwa kukisia. Mzee wa Kigiriki aliyekuwa amekaa kivulini akanyanyuka na fimbo yake, akaja. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza kama changu. Akaelekeza kidole kwenye mstari na kusoma polepole: "Agnosto Theo." Nami nikamsomea wa kwangu: "Kwa Mungu asiyejulikana."

Nilipolitamka kwa sauti, nikalisikia. Mungu. Neno hilo halikuja na wamisionari. Ni ndugu wa damu wa Mulungu yule yule wa babu. Waliotafsiri Biblia walilikuta tayari midomoni mwa watu, wakalichukua, na hakuna aliyewakatisha.

Tukafika mstari wa 28. Mzee akatua kwenye neno moja, genos, yaani uzao, akanigusa kifua, akagusa chake. Kwangu imeandikwa: "Maana sisi sote tu wazao wake." Kisha akasema, "Aratos." Akaelekeza fimbo mbinguni: "Dias." Alipoona sijaelewa akarudia: "Zeus."

Zeu, mkuu wa miungu ya Wagiriki! Yule ambaye watu wa Listra walimwita Barnaba, mwenzake Paulo, kwa jina lake. Aratos alikuwa mshairi wa karne ya 3 KK, mzaliwa wa Kilikia kama Paulo mwenyewe, na utenzi wake juu ya nyota unaanza kwa kumtukuza Zeu. Hao wazao anaowasema ni wazao wa Zeu. Paulo alilijua hilo. Akauchukua mstari ulivyo, akamrudishia Mungu aliyeumba ulimwengu. Wala hakuwa anachanganya dini, maana papo hapo alikataa Uungu kufananishwa na dhahabu, fedha au jiwe, na ufufuo hakuuficha ingawa ndio uliowafanya wengine wadhihaki. Lakini alikuwa ameuzunguka mji kwanza. Alikuwa amesoma madhabahu zao na kuzijua tungo zao.

Miaka iliyofuata nilisoma habari za Yustino, mwalimu wa Kikristo aliyeuawa Roma mnamo 165 kwa ajili ya imani. Alikuwa amepita kwa walimu wa falsafa wa kila aina, na alipoamini hakulivua joho la mwanafalsafa. Aliandika kwamba walioishi kwa kulifuata Neno, yaani Logos, ni Wakristo hata kama walihesabiwa kuwa hawana Mungu, akamtaja Sokrate. Tertuliano wa Karthago, mwandishi mwingine wa Kikristo, yeye aliuliza Athene ina nini na Yerusalemu, yaani falsafa na imani. Simdharau, aliona uzushi ukiingia kwa mlango huo. Ila mimi nasimama na Yustino, na nilishasimama naye siku ile kabla sijamjua.

Mzee akanipa mkono, akaondoka. Nikapanda jabali kwa ngazi za zamani zilizochongwa mwambani, nikakaa juu, Akropoli nyuma yangu. Nikatoa penseli. Pembeni ya mstari wa 28 nikaandika "Aratos", na chini yake jina la babu. Saa kumi nikashuka kuwahi treni.