Si kwa sababu ya maneno yako tu

Tafakari ya juma: Yohana 4:39-42

Wapendwa, Tumsifu Yesu Kristo.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, darasa la komunyo ya kwanza, katika kambi ya jeshi alikofanya kazi baba. Mwezi uliotangulia tulikuwa tumemzika bibi yangu kijijini, upande wa Tororo. Bibi hakubatizwa. Kila alfajiri, kabla ya kushika jembe, alisimama uani akamwomba Were, kwa jina hilo ambalo sisi Jopadhola tulimwita Mungu kabla padre yeyote hajafika. Akiwa na muhogo, jirani hakulala njaa. Basi nikanyosha mkono nikamwuliza mwalimu wa dini: Bibi yuko wapi sasa?

Nilichapwa fimbo mbili, nikapigishwa magoti mpaka kipindi kikaisha. Mtoto haulizi mambo ya Mungu, niliambiwa.

Nikanyamaza. Nikapokea Kipaimara, nikafunga ndoa kanisani, nikabatizisha watoto. Lakini swali lilibaki ndani kama mwiba ambao ngozi imeufunika. Dominika kwa Dominika, tukifika kwenye Nasadiki, kwenye uzima wa milele, sauti yangu ilipungua, maana pale nilimwona Bibi amesimama uani.

Injili ya juma hili inanigusa kwa sababu hiyo. Mwanamke Msamaria aliacha mtungi wake akaenda kuwaita watu wa mji. Wengi wakamwamini Yesu kwa neno la mwanamke huyo. Yesu akakaa kwao siku mbili, wakamsikiliza, na labda wakamwuliza mengi, kisha wakamwambia yule mama: "Sasa tunaamini, wala si kwa sababu ya maneno yako tu, maana sisi tumesikia wenyewe." Yohana haandiki popote kwamba mama yule alikasirika. Mimi, nikiwa mzazi, ningeweza kusikia dharau katika maneno hayo. Yeye alikuwa amewafikisha, na sasa wanasema hawategemei tena maneno yake tu. Nadhani alifurahi.

Hapa Uganda tungepaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine. Waamini wa kwanza wa Buganda waliitwa abasomi, wasomaji, na hata leo Waganda wengi wakienda kanisani husema wamekwenda kusoma. Imani yetu ilianza na watu waliokaa chini na kitabu wakauliza hiki kina maana gani. Mtazameni Matia Mulumba, mmoja wa mashahidi wa Uganda. Alizaliwa Busoga, akatekwa akiwa mtoto pamoja na mama yake, akalelewa Buganda katika desturi za wazee. Akawa Mwislamu. Kisha akahudhuria mafundisho ya Waprotestanti, kisha akaenda kwa mapadre Wakatoliki akina Mapeera (Padre Simeon Lourdel), akabatizwa mwaka 1882. Alikuwa mtu mzima, mwenye cheo na nyumba, tena bado anatafuta. Mei 1886 waliomkata viungo walimwacha akiwa hai kwenye kilima cha Old Kampala, akafa taratibu kwa kiu na maumivu. Imani aliyoifia ilikuwa ameipima mwenyewe miaka mingi.

Kila tarehe 3 Juni tunajaa Namugongo, walikouawa wengi wa mashahidi hao, kuwaheshimu vijana waliothubutu kuacha dini walizolelewa nazo. Halafu tunarudi nyumbani, mtoto akiuliza kwa nini tunasali hivi, tunamfokea kwamba ameharibiwa na simu. Wapendwa, hapo tunakosea, tena tunakosea vibaya.

Mimi nilipata jibu nikiwa tayari nina watoto watatu. Padre mmoja mzee alinisikiliza mpaka mwisho, bila kutazama saa, kisha akanipa hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya Kanisa, akaniambia nisome ibara ya 16. Inafundisha kwamba wale ambao, bila kosa lao, hawakuijua Injili, lakini wakamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kujitahidi kutenda mapenzi yake kadiri dhamiri inavyowaonyesha, wanaweza kuupata wokovu. Nililia chini ya mwembe wa parokia. Hati hiyo ilitolewa tarehe 21 Novemba 1964, mwezi mmoja tu na siku chache baada ya Papa Paulo wa Sita kuwatangaza mashahidi wetu 22 kuwa watakatifu. Nilichapwa miaka mingi baadaye, na jibu lilikuwa tayari limeandikwa. Kama ningeogopa kuuliza mara ya pili, ningekufa na swali langu.

Si maswali yote yamenijibika hivyo. Kifungua mimba wangu ameacha kwenda Misa mwaka wa pili sasa. Mwanzoni nilidhani anatafuta kisingizio cha kulala Dominika, nikamsema maneno ambayo baadaye nilimwomba msamaha. Maswali yake ni mazito kuliko yangu: anauliza kuhusu mdogo wake tuliyemwombea novena tisa, na akafa. Sina ibara ya kumpa. Huwa nakaa naye tu, chai inapoa, namwambia hata mimi sijui, mwanangu.

Juzi, kikundi chetu kilipoanza kuandikisha mahujaji wa kwenda Namugongo kwa miguu, aliniambia: "Mama, nitakubebea mzigo mpaka Iganga." Kuhusu kusali hakusema kitu, nami sikumwuliza. Nimekwisha kumnunulia raba.