Paka, mbwa na kapeti la chumbani

Kabla sijaja ughaibuni ungeniambia ntakuja kulala nyumba moja na mbwa ningekucheka mpaka machozi. Leo nina mbwa mmoja na paka wawili, wote ndani, na mbwa anakijua kitanda cha mwanangu kuliko mimi mama yake. Na baridi ikishika, kukanyaga sakafu tupu asubuhi ni adhabu, kwa hiyo kapeti chumbani utalitaka tu upende usipende.

La kwanza nilinunua kama wengi wetu tunavyonunua, nikafika dukani nikapitisha kiganja, laini, nikasema hilo hilo nipimie. Kumbe lilikuwa la vitanzi, yaani uzi unatoka chini unapinda unarudi chini haukatwi, na kwa macho lilipendeza kweli. Wiki ya pili tu paka kaingiza ukucha kwenye kitanzi kimoja, kashtuka, kavuta, uzi ukafumuka mstari mzima toka mlangoni mpaka mguu wa kitanda kama sweta lililonasa msumari. Na muuzaji nilimwambia kabisa nina paka, akanyamaza zake.

Kwa hiyo mwenye paka, vitanzi achana navyo. Tafuta lenye nyuzi zilizokatwa juu, fupi, zimesokotwa zikakaza. Angalia ncha ya uzi mmoja kwa karibu, ikiwa imekaza kama kamba hilo litakaa, ikiwa imefumuka kama brashi ya zamani basi miezi michache litalala chini lote. Halafu ulaini wa kiganja usikudanganye, chukua sampuli uikunje kinyumenyume kama unafungua kitabu, ukiona mgongo wa chini mapema ujue nyuzi zimepandwa mbalimbali, rudisha.

Haya, nyuzi zenyewe. Nailoni ndo inavumilia kukanyagwa, inalala inaamka, ila bei iko juu na madoa inayanywa kama haijawekewa dawa ya kuzuia. Poliesta ni rahisi na laini, nyingine inatengenezwa kwa chupa za plastiki, madoa ya maji maji hayaingii sana lakini njia ya kila siku inakanyagika ikalala moja kwa moja. Polipropilini ni ya bei chee na hainywi maji, ila mafuta inayapenda, pale mbwa anapolala kila siku patakuwa peusi usipopaosha, na ukiburuta kitanda joto la msuguano linaacha mchirizi wa kung'aa hautoki. Sufu nzuri jamani, lakini ghali, wadudu wanaila, na mkojo unaiharibu, mi nimeipita. Kwangu chumba cha watoto na mbwa kina nailoni, chumba chetu tunachoingia kulala tu kina poliesta, na sijajuta.

Sasa mkojo wenyewe. Mimi nilikuwa nasugua juu, nanyunyiza manukato, harufu inaondoka siku mbili inarudi, siku ya unyevu ndo balaa. Tulipokuja kufungua lile kapeti la kwanza, juu doa lilikuwa kama kisahani cha chai, chini kwenye sponji, ile inayotandikwa sakafuni kabla ya kapeti, limetanda kama sinia! Baba watoto aliangalia akatoka nje bila kusema neno. Sponji ndo inayokunywa, kwa hiyo safari hii tumeweka ile yenye ngozi ya plastiki juu isiyopitisha maji, na tumeikwepa ile nene ya kudidimia maana inalichosha kapeti haraka. Kama bajeti inabana punguza kwenye kapeti kidogo lakini hapo chini usibane. Ajali ikitokea gandamiza kwa taulo kavu usisugue, kisha dawa yenye vimeng'enya (enzymes, zile zinazomeng'enya mkojo wenyewe) uiache ikae muda ulioandikwa kwenye chupa. Yenye amonia usiweke, harufu yake inafanana na mkojo, mnyama atadhani hapo ndo choo. Mvuke wa moto nao ngoja, unaigandisha harufu.

Kuokoa hela, ulizia vipande vya mwisho wa roli. Chumba cha kulala ni kidogo, na roli la upana wa mita 4 ni la kawaida, kwa hiyo kipande kimoja kinatosha chumba kizima bila kiungo, na kiungo ndo mahali pa kwanza mbwa anapoanza kuchimba. Pima mpaka ndani ya kizingiti cha mlango ndo uongeze sentimita kama 10.

Rangi nayo, mtanicheka, nilikusanya manyoya ya mbwa kwenye mfuko wa nailoni nikaenda nayo dukani nikawa namwagia kwenye kila sampuli. Lililoyaficha vizuri ni la rangi mchanganyiko, kahawia na kijivu zimechanganywa, na ndo nililobeba.

Mabaki fundi asiondoke nayo. Langu moja limekunjwa juu ya kabati linasubiri siku ya kiraka, lingine nimeligeuza mgongo mgumu ukawa nje nikaligongomea kwenye ubao kando ya kitanda, na hapo ndo paka wote wawili wanakwangulia kucha kila alfajiri kabla hata alamu haijalia.