Siku moja na Cessna 310 kuukuu pale Nduli

Watu wengi mjini Iringa wakisikia kwamba ninashughulika na ndege huniuliza ni lini nitawapeleka Dar es Salaam bure. Mimi si rubani, wala ndege si mali yangu. Ni fundi, na ninaifufua Cessna 310 ya mwaka 1967, yenye injini mbili za pistoni za nguvu ya farasi 260 kila moja. Mwenyewe ni mzee mstaafu aliyeinunua ikiwa imesimama kwa muda mrefu, na tangu hapo inakula faida yote ya shamba lake la miti. Naandika siku moja ya juma lililopita ili anayeiona ndege ikipita juu ya mji ajue ni nini hufanyika kabla haijapita.

Saa 11 alfajiri niliamka, nikanywa chai, nikavaa makoti mawili kwa sababu ya baridi ya Julai, na saa 1 kamili nilikuwa nimekwisha kufungua milango ya hanga, banda la ndege letu pale Nduli, kiwanja cha ndege cha Iringa.

Saa 1 hadi saa 4 ni muda wa plagi. Kila silinda ina plagi mbili, kila moja ikipata moto kutoka magneto yake, kifaa kinachozalisha umeme wa cheche, ili magneto moja ikifa injini isizime. Silinda ni sita kwa kila injini, hivyo plagi zote ni 24, na kila moja hutolewa, husafishwa, hupimwa mwanya na kurudishwa. Petroli ya ndege bado ina madini ya risasi, na plagi za chini ndizo zinazoshika vipunje vigumu vya kijivu ambavyo kijana ninayemfundisha alivichokoa kimoja kimoja kwa ncha ya chuma, bila kulalamika, jambo ambalo kwangu ni dalili nzuri zaidi ya ufundi kuliko cheti chochote.

Wakati huo Mzee alipiga simu kuuliza, kama kawaida yake, kwa nini nisiziwashe injini dakika kumi kila juma ili zisiote kutu. Nilimweleza tena kwa heshima kwamba kuwasha bila kuruka kunadhuru zaidi. Injini ikisimama, oili hushuka taratibu kutoka kwenye kuta za silinda na unyevu hushika chuma kilichobaki wazi. Ukiiwasha kidogo chini, mwako wenyewe huzalisha maji, na oili haipati joto la kutosha kuyafukuza. Ndege haizeeshwi na kuruka, bali na kukaa. "Sawa, fundi," akasema, na najua juma lijalo ataniuliza tena.

Saa 4 na kitu akaingia mfanyabiashara wa mbao kutoka Mafinga.

"Kamwene," akasalimu, nikaitikia, na kabla sijafuta mikono alikuwa ameshaanza kuhesabu viti. Alitaka kupelekwa Songwe, Mbeya, siku ya Jumamosi, yeye na wenzake watatu pamoja na mizigo. Nilimwambia kwamba ndege hii ni ya matumizi binafsi, na kwamba kubeba abiria kwa malipo kunahitaji cheti cha uendeshaji kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, ambacho Mzee hana. Akasema basi tusiyaite malipo, tuyaite mafuta. Nikamwonyesha kwamba ndege imepandishwa juu ya jeki na magurudumu yake yanening'inia hewani. Akajibu kwamba Fuso lake hushushwa injini na kurudishwa kwa siku mbili, na kwamba kama tatizo ni spea, yeye anamfahamu mtu pale mtaa wa Mashine Tatu, mjini Iringa, ambaye hakosi kitu.

Ningeweza kuvumilia hayo yote. Lililonichosha ni hoja yake kwamba ndege ya injini mbili haina hatari, kwa kuwa moja ikizima nyingine itawafikisha. Nduli iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na injini kama hizi, ambazo hazina tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa ya ziada), hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000 unazopanda. Maana yake ni kwamba hata zote mbili zikiwa nzima, tunaondoka hapa tukiwa tumekwisha kupungukiwa. Moja ikizima, nguvu inayopotea ni nusu, lakini uwezo wa kupanda unaopotea unazidi asilimia 80, kwa sababu karibu nguvu yote iliyobaki inatumika kuishikilia ndege isishuke. Ukiongeza jua la mchana, watu wanne na mizigo, hiyo injini ya pili haikupeleki Mbeya. Inakuchagulia tu shamba la kuangukia. Nilimweleza hivyo kwa utaratibu na kwa takwimu, naye akasikiliza akiwa ameegemea tangi la kwenye ncha ya bawa.

Tangi hilo liko mbali na jeki, na mtu mzima akiegemea hapo uzito wake unafanya kazi mara nyingi zaidi ya anavyodhani. Nililiona bawa likishuka upana wa kidole. Nilimshika mkono, nikamtoa, na sikumbuki kama nilisema "tafadhali". Akaondoka saa 6 akiwa amenuna, akimwambia kijana wangu mlangoni kwamba mafundi wa Iringa wana maringo.

Baada ya ugali ilianza kazi yenyewe. Miguu ya ndege hii haisukumwi kwa haidroliki. Mota moja ya umeme huzungusha giaboksi, na kutoka hapo fito hukimbilia puani na kwenye mabawa yote mawili. Mguu ukishuka, kiungo chake hupita kidogo mstari ulionyooka, ndipo hujifunga. Swichi ikikata umeme mapema, kiungo hakifiki na mguu unaweza kukunjika wakati wa kutua. Ikichelewa, mota hugonga mwisho na kuumiza giaboksi. Kwa hiyo unapandisha, unashusha, unavuta kiungo kwa mizani ya springi, unasoma, unalegeza nati, unazungusha ncha ya fito nusu mzunguko, unakaza, unarudia. Na kwa kuwa giaboksi ni moja, ukiurekebisha mguu wa kulia, wa kushoto nao unahama.

Upepo ulipoanza tulifunga milango, kwa sababu ndege iliyo jekini haitakiwi kuguswa na upepo, na ndani pakawa giza na joto la bati. Tulirudia. Kijana alikuwa kwenye kiti cha rubani akiita "juu" na "chini", nami chini ya bawa, shingo imepinda, grisi ikidondoka machoni. Wakati fulani mizani ilisoma vizuri kulia, kushoto ikakataa. Tukarudia. Sijui ilikuwa saa ngapi kijana aliponiuliza kama tungeweza kuiacha ilivyo, kwani tofauti ilikuwa ndogo. Nilimwambia aupandishe tena.

Jua lilikuwa limekwisha kuzama wakati miguu yote mitatu iliposoma ndani ya kipimo. Tukajaribu pia mkono wa dharura, ule wa kuzungusha zaidi ya mara hamsini iwapo umeme utakatika angani, na kijana akauzungusha wote mpaka taa za kijani zikawaka. Niliandika katika daftari la ndege kila fito iliyoguswa, nikaweka sahihi, nikaacha wazi nafasi ya mkaguzi wa pili, kwa sababu kazi ya namna hii haikubaliki mpaka imetazamwa na macho mengine yasiyo yangu. Mkaguzi huyo anakuja Alhamisi.

Nikiwa njiani kurudi mjini simu iliita: mtu wa mbao. Aliuliza kama Jumapili itawezekana.