Timazi ya Ufunguo

Baba alipokuja kunitembelea Durham, Uingereza, alikuwa ameshastaafu uashi, ila mikono yake ilikuwa bado kazini. Kila ukuta wa mawe tuliopita aliupapasa. Ndiyo maana nikampeleka Escomb, kijiji kidogo karibu na Bishop Auckland, akalione kanisa lililojengwa na Waanglo-Saksoni katika karne ya 7.

Ufunguo tuliukuta umetundikwa nje ya nyumba ya jirani. Anayetaka kuingia anauchukua, akimaliza anaurudisha.

Baba hakuingia kwanza. Alizunguka nje, mikono nyuma, hadi ukuta wa kaskazini, akasimama. Jiwe moja lilikuwa na herufi zilizosimama kichwa chini: LEG VI. Nikamweleza kwamba ni Legioni ya Sita, kikosi cha jeshi la Warumi, na kwamba mawe mengi ya kanisa hili yalitolewa Binchester, kwenye ngome yao iliyokwisha kuhamwa.

“Fundi hakujua kusoma,” akasema. Akalitazama tena. “Au alijua, mwanangu, lakini jiwe lilikaa vizuri hivyo.”

Nikamsimulia pia jinsi kanisa jipya lilivyojengwa mlimani mwaka 1863, hili la zamani likaachwa lichakae mpaka lilipokarabatiwa kati ya 1875 na 1880. Akauliza hilo jipya liko wapi, tukalione. Nikamwambia lilibomolewa mwaka 1971. Baba alinyamaza kitambo. Najua aliwaza nyumba alizojenga kwetu Muheza; mimi mwenyewe niliziwaza.

Ndani ni pembamba na parefu, dari iko juu mno, vidirisha ni vidogo na mwanga unaingia kwa kupimiwa. Mbele kuna tao la mawe makubwa linalotenganisha waumini na madhabahu, nalo inaaminika lilihamishwa zima kutoka kwa Warumi. Baba aliweka kiganja kwenye nguzo yake. Kisha akainama, akafungua kamba ya kiatu, akaufunga ufunguo kwenye ncha.

“Baba, hapa ni kanisani.”

“Ndiyo. Shika huku juu.”

Nikanyoosha mkono kadiri nilivyoweza. Ufunguo ukayumba, ukapunguza, ukatulia. Baba akafumba jicho moja, akasogea, akarudi nyuma hatua mbili huku kiatu kikimpwaya.

“Uko sawa,” akasema kwa sauti ya chini, akiutazama ukuta, si mimi. “Kazi nzuri, fundi.”