Nimeiona meli yangu ikipanda mlima

Jana sikufanya kitu cha maana nyumbani, nilikaa barazani na simu kwa chaja naangalia meli. Sio meli yoyote tu, ni ile niliyopangiwa, napanda mwezi ujao Seattle inshallah, kazi ni jikoni, kuosha masufuria na kusugua sakafu, kontrakti ya miezi nane. Jina sitaji manake sijasaini bado na mdomo huponza kichwa.

Sasa hii meli msimu wote wa baridi ilikua Florida inazungusha watalii Karibea, na saa hizi inahamia upande wa Alaska kwa msimu wa joto, na njia ni kukatiza Mfereji wa Panama. Nikashusha apu ya kufuatilia meli, nikatafuta na zile kamera za wenyewe wa mfereji zinazoonyesha laivu, ni bure kabisa, gharama ni bando yako tu. Panama wako nyuma yetu masaa nane, kwa hivyo kwao alfajiri kwangu ilikua mchana, nishakula na kuswali.

Nikamwambia mama leo meli yangu inapita kwa mfereji. Akasimama na mtungi wake mkononi. "Mfereji gani huo wapita meli, na huu wetu wiki ya pili hautoi hata tone?" Nikajaribu kueleza kwamba ni mfereji mwingine, wa kupita meli, sio huu wa bomba, akaniacha akaenda kumwita wa mkokoteni.

Kitu cha kwanza kilichonichanganya ni ramani. Meli yatoka Atlantiki yaenda Pasifiki, si inafaa iende magharibi? Lakini kile kidude cha bluu kilikua chaelekea kusini mashariki, nikadhani apu imeharibika. Kumbe nchi yenyewe ya Panama imejikunja pale, mlango wa Pasifiki uko mashariki kuliko ule wa Atlantiki, hata sasa nikifikiria kichwa chaniuma.

Saa nane na nusu hivi ikatokea kwa kamera ya Gatún, zile ngazi za kwanza upande wa Atlantiki. Hapo ndio mzee akavuta kiti. Babangu alikua akifunga kamba za meli bandarini Kilindini miaka na miaka kabla ya kustaafu, na mimi nilitaka aone zile chemba, yaani vyumba vya maji vya kunyanyulia meli, vile meli inaingia, lango linafungwa nyuma, maji yanajaa yenyewe kutoka lile ziwa la juu katikati ya mfereji bila pampu hata moja, inanyanyuka, inasonga ya pili, inanyanyuka, ya tatu, hadi inafika kama mita 26 juu ya bahari. Meli nzima ya ghorofa! Na chemba zile za zamani za 1914 zina upana wa mita 33.5 wakati meli yangu ni mita 32 na kitu, ni kama futi mbili kila upande, matatu ya Likoni haipati nafasi hiyo.

Mzee hayo yote hakuyajali. Yeye alikua aangalia kamba tu. Manake kabla meli haijaingia, ikaja mashua ndogo, watu wawili wapiga makasia, wanapeleka kamba ya kwanza melini kwa mkono. Walahi makasia! Mzee alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Meli ya mabilioni yangoja mtu wa mashua!" Akanifanya nitafute tena picha nyingine za ile mashua, nikamwonyesha, akanyamaza, kisha akasema hao wawili wanajua kazi, angalia vile hawaharakishi. Baada ya hapo kamba za chuma zikashikwa na vile vitreni vinavyotembea ukutani huku na huku kuishikilia meli isiguse saruji. Wanaviita nyumbu, yaani wale nyumbu mtoto wa punda na farasi, sio hawa wetu wa Mara. Nikamwambia kuna chemba mpya kubwa zaidi zilifunguliwa 2016 na huko nyumbu hawapo, meli inashikiliwa na tagi, zile boti za kuvuta meli, mbele na nyuma. Akasema basi huko hakuna la kuona.

Lililomkera ni rubani. Hapa kwetu rubani anamshauri nahodha, meli ni ya nahodha. Kule rubani wa mfereji akipanda ndiye mwenye amri ya kuiendesha. Mzee hakukubali, tukabishana mpaka magharibi meli ikiwa ziwani inatembea polepole.

Mama alirudi akauliza hayo maji yakishanyanyua meli yaenda wapi, nikamwambia yanamwagika baharini, kama lita milioni 200 za maji matamu kila meli moja ikipita. Najuta kusema. Ndio manake 2023 mvua ilipowapiga chenga ilibidi wapunguze idadi ya meli kwa siku, lakini hilo hakungoja kulisikia.

Miraflores, chemba za mwisho upande wa Pasifiki, ilifika kwangu saa nne usiku, bando ikakata katikati, nikanunua nyingine. Hapo zashuka ngazi mbili za mwisho, na malango ya mwisho ni marefu kweli kwa sababu ya upande wa Pasifiki, bamvua ikipiga maji yanapanda na kupwa karibu mita 6, wakati Karibea hayasogei sana. Saa sita kasoro ikapita chini ya lile daraja kubwa la mlango wa Pasifiki.

Nimekesha hivi kwa sababu moja. Mwezi wa kumi meli inarudi Florida njia hiyohiyo na mimi nitakua ndani, lakini ndani chini. Jamaa mmoja wa Mtwapa ashapita Panama mara tano na anasema alichoona ni ukuta wa saruji kwa kidirisha, mara uko juu, mara haupo, halafu bosi akaita vitunguu.

Leo asubuhi apu imepoteza alama, imeshatoka mbali na pwani. Mzee ameniuliza mara mbili imefika wapi, halafu akauliza kama wale wa mashua wanaajiri.