Jumatano ya Kumi na Tatu

Usingizi umenikataa. Tumemaliza. Mimi na mdogo wangu tumefika mwisho wa msimu wa kwanza wa Survivor, ule wa mwaka 2000, shindano la televisheni la Marekani ambalo watu wa kawaida huachwa kisiwani na kutoana mmoja mmoja kwa kura, na tumeutazama kama Wamarekani walivyoutazama wakati ule: kipindi kimoja kila Jumatano, vipindi 13, bila kuruka wala kuchungulia mbele. Sharti hilo lilikuwa lake. Wiki ya saba nilitaka kulivunja, nikamsihi tuendelee angalau dakika kumi. "Dada, tulikubaliana," akasema, akazima televisheni na kuondoka na rimoti.

Wiki ya saba ndiyo ya Gretchen. Makabila mawili, yaani timu mbili za washindani, yameunganishwa, wamebaki watu 10 kati ya 16 walioshuka kisiwani Pulau Tiga. Kumbe wanne waliotoka kabila la Tagi, Richard, Rudy, Sue na Kelly, walikwisha kupatana pembeni. Kura zinasomwa, majina yanatawanyika, moja huku, jingine kule, halafu jina la Gretchen linarudi. Linarudi tena. Kura 4 zikatosha kumtoa mwanamke ambaye mimi ningemfuata popote pale kisiwani, kwa sababu wenzake kila mmoja alipiga kura yake kivyake. Usiku ule niliandika kwenye daftari langu: "Hawa wanne sitawapenda kamwe." Nimelifungua leo nikausoma mstari huo, na macho yangu yakiwa bado yamevimba kwa ajili ya wawili kati yao.

Nimekuwa nikipiga hesabu. Mchezo wote ulikuwa siku 39, kwa hiyo kila kipindi kinabeba kama siku tatu za maisha yao. Wao waliishi tatu, mimi nikakaa saba nikizitafakari. Kuanzia Jumatano ya kwanza hadi leo zimepita siku 84. Nimeishi na watu hawa zaidi ya mara mbili ya muda walioishi wao kwa wao! Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema kusubiri ni mateso tu. Katika zile siku za katikati ndipo nilipombadilikia Sue. Wiki za mwanzo nilimwona mkali, mwenye ulimi usio na breki, dereva wa lori asiyebembeleza mtu. Kisha Jumapili moja, nikiwa nafua, nikakumbuka namna alivyokuwa akikaa na Kelly, wawili wakiongea kwa sauti ya chini, uso wake umelegea kabisa. Sikuwa nimeliona hilo nilipokuwa nikitazama. Lilinijia siku nne baadaye, nikiwa na nguo mkononi.

Tamthilia nazo zinalijua jambo hili. Tarehe 21 Machi 1980 Dallas, tamthilia ya Marekani, ilimaliza msimu kwa mhusika wake J.R. kupigwa risasi, na jibu la nani aliyefyatua halikuja hadi 21 Novemba, maana mgomo wa waigizaji ulirefusha kungoja. Watengenezaji wakarekodi matukio ya watu tofauti wakimpiga risasi ili siri isivuje. Miezi minane! Lakini pale kuna mwandishi aliyeshika kalamu, na J.R. ni mtu wa kubuniwa, hakuumia kweli. Sue na Kelly waliumia kweli. Najua kuna wahariri waliochagua nini nione na nini nisione, na muziki uliwekwa kuniongoza. Hata hivyo, kuna uso ambao hauwezi kuhaririwa.

Sasa kipindi cha leo. Wamebaki wanne, kura zimefungana, mbili kwa Richard, mbili kwa Sue. Wanapiga tena, na Kelly anageuza kura yake. Sue anatoka. Nikasikia mdogo wangu akivuta pumzi.

Halafu shindano la mwisho la kinga, ambalo mshindi wake hawezi kupigiwa kura ya kutolewa. Richard, Rudy na Kelly wamesimama, kila mmoja ameweka mkono juu ya kinyago, jua linawapiga, saa zinakwenda. Richard anaondoa mkono wake kwa hiari. Ameshafanya hesabu: akishinda, itambidi achague kati ya ahadi yake kwa Rudy na ushindi wake mwenyewe. Wakabaki wawili, na mzee Rudy, mwenye miaka 72, anajigeuza kidogo kubadilisha mkao, mkono unaachia. Basi. Niliushika mkono wa mdogo wangu kama vile ningeweza kumrudishia Rudy wake. Kelly akashinda, akamtoa Rudy, akaingia fainali na Richard.

Na ndipo Sue akasimama mbele yao kama mmoja wa waamuzi saba, wale waliokwisha kutolewa ambao sasa kura zao ndizo humchagua mshindi. Akamwita Richard nyoka na Kelly panya. Akamwambia Kelly kwamba siku akimkuta amelala njiani anakufa kwa kiu, hatampa maji, atawaachia tai. Nilikuwa najua hotuba hiyo ipo, ni maarufu mno kukwepeka. Lakini sikuwa najua itanichoma hivi. Hayo si maneno ya mtu anayechukia. Ni ya mtu aliyempenda rafiki, akahesabiwa kura. Angekuwa hajali, angempigia yeyote na kwenda zake. Alimpigia Richard, na Richard akashinda kura 4 kwa 3 na dola 1,000,000. Yaani kura moja ya rafiki ingegeuza kila kitu.

Nimeirudia hotuba peke yangu mara mbili sasa, sauti chini. Mdogo wangu amekataa kuitazama tena usiku huu. Anasema ataitazama Jumatano.