Majina ya Kazi Zilizokwisha

Jumamosi jioni, majirani zangu wa hapa Walukuba wanapokusanyika mbele ya televisheni kutazama soka ya Uingereza, mimi huwa nimejitenga na simu yangu nikisaka matokeo ya ligi ambayo katika Jinja nzima sijapata mtu wa kuizungumza naye. Ni ligi ya raga ya wanaume wa kaskazini-magharibi mwa Uingereza, North West Men's League, ambayo wachezaji wake ni wa ridhaa, hawalipwi chochote, na ambayo nadhani hata mkazi wa London anaweza kuishi miaka yote bila kuisikia. Sikuvutwa na ubora wa mchezo wenyewe, kwa kuwa sijawahi kuuona ila katika video fupi zinazotikisika. Nilivutwa na majina ya klabu.

Binamu yangu, ambaye ni muuguzi mjini Warrington, ndiye aliyeniletea habari hizi siku aliponitumia orodha ya klabu za huko. Mlikuwa na Crosfields, Rylands, Pilkington Recs na Leigh Miners Rangers. Nilidhani ni majina ya watu au ya mitaa, mpaka nilipochimba nikakuta kwamba ni majina ya kazi. Crosfield ni kiwanda cha sabuni kilichokuwa pale Bank Quay, Warrington. Rylands walikuwa watengenezaji wa waya, na waya ulikuwa riziki ya mji huo kiasi kwamba timu yake ya kulipwa mpaka leo mashabiki huiita The Wire. Pilkington ni kampuni ya vioo ya St Helens. Hao wa Leigh hawahitaji maelezo, maana jina lao linasema wazi kwamba ni wachimbaji.

Msomaji wa Uganda aliyezoea kwenda viwanja vya raga vya Kyadondo au Dam Waters anapaswa kuelewa kwamba raga hii si ile yetu. Sisi tulirithi raga ya yunioni, yenye wachezaji 15, na ndiyo iliyotupa ubingwa wa Afrika mwaka 2007. Raga ya ligi ina wachezaji 13, haina lainauti (ule mpira unaorushwa kutoka pembeni kati ya mistari miwili ya wachezaji), trai yake, yaani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, ni pointi 4 badala ya 5, na timu yenye mpira huangushwa mara sita tu kabla ya kuukabidhi kwa wapinzani. Anayeangushwa huinuka, akauweka mpira chini na kuusukuma nyuma kwa mguu, mchezo ukaendelea.

Tofauti hiyo ilizaliwa na ugomvi wa mshahara. Katika karne ya 19, mfanyakazi wa mgodi au wa kiwanda cha nguo huko kaskazini alifanya kazi hata Jumamosi, kwa hiyo kila alipokwenda kucheza mbali alikatwa ujira wake. Klabu za kaskazini ziliomba ruhusa ya kumfidia mchezaji kwa muda aliopoteza. Mwaka 1893 wakuu wa raga, ambao wengi walikuwa watu wasiohesabu saa za kazi, waliikataa hoja hiyo kwa kura 282 dhidi ya 136. Tarehe 29 Agosti 1895 klabu za kaskazini zikakutana katika hoteli ya George, mjini Huddersfield, zikajitenga, zikaanza kulipa fidia isiyozidi shilingi sita kwa siku. Yunioni nayo ikalipiza kwa kumfungia maisha yeyote aliyegusa mchezo huo wa pili, na adhabu hiyo ilidumu kwa karibu miaka mia moja. Kuna kinaya hapa ambacho hunichekesha kila nikikikumbuka: mchezo uliojitenga kwa sababu ya malipo leo unabebwa, huko ngazi za chini, na watu wanaotoa fedha zao mfukoni ili wapate kucheza.

Lakini nirudi kwenye majina, kwa sababu ndiyo yaliyonikosesha usingizi. Mgodi mkubwa wa mwisho wa makaa ya mawe katika Lancashire, Parkside, ulifungwa mwaka 1993. Kiwanda cha sabuni cha Bank Quay kilifungwa mwaka 2020. Klabu bado zipo, zinacheza, zina timu za watoto, na mtoto wa miaka minane anavaa jezi yenye neno “Miners” ilhali huenda babu yake ndiye wa mwisho katika ukoo kushika sururu. Nilijiuliza ilikuwaje kazi ikafa na timu ikabaki, kwa maana hapa kwetu niliona kinyume chake.

Nimezaliwa Walukuba, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya Jinja, ambamo Mjaluo, Msamia, Mlugbara na Msoga walijikuta mlango kwa mlango, na Kiswahili kikawa lugha ya uani. Baba yangu alikuwa mfumaji katika kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda kilikuwa na timu ya soka, jezi, lori la kuwabeba wachezaji, na uwanja wenye nyasi zilizokatwa kila Ijumaa. Baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972 viwanda vya mji huu vilianza kuyumba kimoja baada ya kingine, na kiwanda cha Baba kilipozima mitambo yake, timu haikumaliza hata msimu. Uwanja ulikuwa mali ya kiwanda, kwa hiyo ulikwenda na kiwanda. Mimi niliukuta umelimwa mahindi, na baadaye ukazungushiwa ukuta.

Jibu la swali langu nililipata katika sheria ya madini ya Uingereza ya mwaka 1920, ambayo iliweka tozo ya peni moja kwa kila tani ya makaa ya mawe iliyochimbwa, fedha hizo ziingie katika mfuko wa ustawi wa wachimbaji. Humo ndimo vilimotoka mabafu ya kuogea baada ya zamu, kumbi za mikutano, na viwanja vya michezo, na wawakilishi wa wachimbaji walikuwa na kiti katika kamati zilizogawa fedha hizo. Viwanja vingi viliwekwa mikononi mwa wadhamini kwa manufaa ya wakazi. Klabu ya Leigh imetokana na ustawi huo. Peni moja kwa tani! Kwangu mimi huo ndio uhandisi wa kweli, na nauheshimu kuliko ukarimu wa tajiri yeyote wa sabuni au wa vioo, kwa sababu zawadi ya tajiri hurudi kwake anapoitaka.

Si klabu zote zilizotoka kazini, bila shaka. Mji wa Wigan umejaa klabu za parokia: St Patricks, St Judes, Orrell St James. Wapenzi wa yunioni huko Kampala wanaomfahamu Andy Farrell kama kocha wa Ireland, na wa British & Irish Lions mwaka 2025, wajue kwamba alijifunza kushika mpira pale Orrell St James, katika raga hii hii ninayoieleza.

Kuhusu mpangilio wa ligi nitasema machache. Kufikia miaka ya 1970 klabu za ridhaa zilikuwa zikifa kwa wingi, na mwaka 1973 wapenzi wa mchezo wakaanzisha chama chao, BARLA, huko huko Huddersfield. Mwaka 1986 ikazaliwa ligi ya taifa ya ridhaa, na chini yake zipo ligi za mikoa kama hii ya kaskazini-magharibi, yenye madaraja ya kupanda na kushuka. Klabu kubwa hupeleka kikosi cha kwanza katika ligi ya taifa na kikosi cha pili katika ligi ya mkoa, ndiyo maana Jumamosi moja kijana wa miaka 18 anaweza kukabana na mwanamume wa miaka 40 aliyekataa kustaafu.

Mwaka jana binamu yangu alikuja likizo, akaniletea jezi ya Leigh. Niliivaa nikaenda kumsalimia Baba, ambaye macho yake hayaoni tena vizuri, akaishika kitambaa kwanza kama mfumaji, akakisugua kati ya vidole, ndipo akauliza maandishi yanasema nini. Nikamweleza.

“Mgodi wao bado unachimbwa?”

“Hapana, Mzee. Migodi yote ya huko ilifungwa zamani.”

Akanyamaza kidogo. “Na nyasi za uwanja, nani anazikata?”

“Wanachama wenyewe.”

“Kila Ijumaa?”

Nilimwambia nitamuuliza binamu.